Adapta moja kwa mashine nyingi za gemu: Volti 12 zinavyoweza kuziokoa zisiungue

NI jambo la kawaida katika miji mingi ya Tanzania kukuta kibanda chenye runinga moja au mbili, viti vya plastiki na vijana waliokaza macho kwenye skrini wakicheza gemu kwa kulipia. Majumbani nako, hasa kwa waliokua katika miaka ya 1990 na 2000, bado zimehifadhiwa mashine za Famicom, Mega Drive na PlayStation pamoja na kaseti na diski zake.

Nyingi kati ya mashine hizo hazijafa. Kilichokufa au kupotea ni adapta, yaani kile kijisanduku kinachopunguza umeme wa ukutani na kuufanya ufae kwa mashine. Mwenye mashine anapokosa adapta yake, hushawishika kuchomeka yoyote ambayo kichwa chake kinaingia. Hapo ndipo mashine iliyodumu miaka 30 huungua ndani ya sekunde moja.

Kwa wakazi wa Bangwe, kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, tatizo hilo lina sura ya pekee. Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati iliyofika hapo mwaka 1914, na bandari yake inahudumia vyombo vinavyotoka na kwenda Burundi, Congo na Zambia. Mji wenye milango mingi namna hiyo hukutana na plagi za kila aina: zile za pini tatu bapa zilizozoeleka Tanzania, za pini mbili za mviringo zinazotumika Burundi na Congo, na za pini mbili bapa zinazokuja na bidhaa zilizotumika kutoka Japani.

Aidha, kwa miaka mingi umeme wa mji wa Kigoma ulitoka kwenye majenereta ya dizeli yaliyokuwa nje ya gridi ya taifa. Ni katika miaka ya 2020 ndipo mkoa huo ulipoanza kuunganishwa na gridi. Mazoea ya kuwa na betri ndani ya nyumba kama akiba ya umeme si mageni kwa wakazi wa mwambao huo.

Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza chanzo kimoja cha umeme kinachoweza kuendesha mashine nyingi za gemu za zamani, kwa vifaa vinavyopatikana kwa mafundi wa kawaida, bila kugusa umeme wa volti 230 unaoweza kuua.

Kwa nini usisubiri adapta halisi

Mashine hizi hazitengenezwi tena. Kampuni ya Nintendo ilisitisha kutengeneza Famicom na Super Famicom mwaka 2003, na mwaka 2007 ikaacha pia kuzifanyia matengenezo. Sony iliacha kutengeneza PlayStation ya kwanza mwaka 2006, na PlayStation 2 ikafuata mwanzoni mwa mwaka 2013.

Kwa hiyo adapta halisi zinazopatikana leo ni kuukuu, na ndani yake mna kapasita zilizozeeka. Adapta ya Japani ina hatari nyingine. Ilitengenezwa kwa umeme wa volti 100 wa nchi hiyo. Ikichomekwa kwenye volti 230 za Tanzania, transfoma yake hupata moto haraka, na badala ya kutoa volti 10 inaweza kutoa zaidi ya 20 kabla haijaungua.

Zipo pia adapta za bei nafuu zenye kitufe cha kuzungusha, kinachoandikwa 3, 4.5, 6, 7.5, 9 na 12, pamoja na vichwa vya kubadilisha. Hizo zinafaa redio ndogo. Kwa mashine ya gemu zina kasoro tatu: nyingi hazifikishi hata ampia moja, volti zake hupanda na kushuka kadiri umeme wa ukutani unavyopanda na kushuka, na mtoto anaweza kuzungusha kitufe kutoka 9 hadi 12, au kugeuza kichwa, bila mtu mzima kujua.

Maswali manne kabla ya kuchomeka

Watu wengi huangalia volti pekee. Volti ni swali moja tu kati ya manne, na jibu baya kwa swali lolote linatosha kuiangamiza mashine.

La kwanza ni aina ya mkondo. Umeme wa ukutani ni mkondo geu, unaokwenda na kurudi mizunguko 50 kwa kila sekunde. Umeme wa betri ni mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja. Mashine nyingi za gemu hutaka mkondo mnyoofu, lakini chache hutaka mkondo geu wa volti 9.

La pili ni volti, yaani nguvu inayousukuma umeme. Zikizidi, sehemu za ndani hupata moto au kupasuka. Zikipungua, picha hupiga mistari, gemu hujianzisha upya au mashine haiwaki kabisa.

La tatu ni mpangilio wa ncha. Kichwa cha adapta kina sehemu mbili, tundu la katikati na ganda la nje. Katika mashine nyingine ncha chanya iko katikati, na katika nyingine iko nje. Alama yake huchorwa kwenye adapta na mara nyingi nyuma ya mashine: kidoti katikati ya nusu duara, kila kimoja kikiwa na alama ya kujumlisha au ya kutoa.

La nne ni ampia, yaani wingi wa umeme unaoweza kutolewa. Hapa ndipo penye nafuu. Mashine huvuta ampia inazohitaji tu, hivyo adapta yenye uwezo mkubwa zaidi haiidhuru. Adapta dogo ndilo tatizo, kwa kuwa hupata moto na volti zake huporomoka.

Mahitaji ya mashine zinazojulikana

Orodha ifuatayo inaonyesha mahitaji yaliyowekwa na watengenezaji. Hata hivyo, alama iliyoko kwenye mashine yenyewe ndiyo ya mwisho, kwa kuwa toleo moja linaweza kutofautiana na jingine.

- Famicom (1983) na Super Famicom (1990) za Japani: volti 10, mkondo mnyoofu, ampia 0.85, hasi katikati.

- NES na SNES za Ulaya: volti 9, mkondo geu, ampia 1.3.

- Mega Drive ya kwanza (1988): volti 9 hadi 10, mkondo mnyoofu, ampia 0.85 hadi 1.2, hasi katikati.

- Mega Drive ya pili (1993): volti 10, mkondo mnyoofu, ampia 0.85, chanya katikati.

- PSone, ile PlayStation ndogo ya mwaka 2000: volti 7.5, mkondo mnyoofu, ampia 2, chanya katikati.

- PlayStation 2 nyembamba (2004): volti 8.5, mkondo mnyoofu, ampia 5.65, chanya katikati.

- GameCube (2001): volti 12, mkondo mnyoofu, ampia 3.25.

- Nintendo 64 (1996): volti 3.3 na volti 12 kwa wakati mmoja, kupitia kichwa cha pekee.

PlayStation ya kwanza ile kubwa ya kijivu, PlayStation 2 nene, Sega Saturn na Dreamcast hazimo katika orodha kwa sababu zina mitambo yao ya umeme ndani na huchomekwa moja kwa moja ukutani. Hata hizo zikaguliwe nyuma kabla ya kuwashwa, kwani za Japani ni za volti 100.

Msomaji ataona kwamba Mega Drive ya kwanza na ya pili, mashine za jina moja na kampuni moja, zimegeuzana ncha. Mtego mkubwa zaidi uko kwenye Famicom na Mega Drive ya kwanza. Tundu lao hupokea kichwa cha milimita 5.5, kipimo kilekile cha adapta za kamera za ulinzi na za vifaa vingi vya intaneti. Kichwa kinaingia vizuri, lakini adapta hizo za kisasa huwa na chanya katikati, wakati mashine inataka hasi katikati. Umeme ukiingia kinyume, kapasita huweza kupasuka na sehemu nyingine za ndani kuungua.

Siri ya volti 9

Ukiitazama orodha hiyo, unaweza kudhani kila mashine inahitaji chanzo chake. Sivyo ilivyo. Famicom, Super Famicom, NES, SNES na Mega Drive zote zina kijisehemu chenye miguu mitatu kiitwacho 7805. Kazi yake ni kupokea umeme ulio juu kidogo na kuushusha hadi volti 5 kamili, ambazo ndizo vichakataji vya mashine hutumia.

Kijisehemu hicho huhitaji takriban volti 7 ili kifanye kazi sawasawa. Kinachozidi hukigeuza kuwa joto. Mashine inayovuta ampia 0.8 ikipewa volti 12, 7805 yake hulazimika kutupa joto la wati 5.6. Ikipewa volti 9, joto hushuka hadi wati 3.2. Kwa maneno mengine, volti 9 zilizotulia zinatosha hata kwa mashine iliyoandikwa volti 10, tena zinaiondolea joto lisilo la lazima.

NES na SNES za Ulaya nazo huingia katika kundi hili, ingawa ziliandikiwa mkondo geu. Ndani yake mna dayodi nne zinazounyoosha mkondo. Mkondo ulionyooka tayari hupita humo bila tatizo, upande wowote unaoingilia. Dayodi hizo hula takriban volti 1.4, hivyo kati ya volti 9 hubaki 7.6, bado juu ya kiwango ambacho 7805 huhitaji.

Kinyume chake hakikubaliki. Adapta ya mkondo geu ya NES isichomekwe kamwe kwenye Famicom, Super Famicom ya Japani au Mega Drive, maana hizo hazina dayodi hizo nne.

Hivyo tawi moja la volti 9 linahudumia mashine tano au sita. Tawi la volti 7.5 ni la PSone. Tawi la volti 8.5 ni la PlayStation 2 nyembamba, na lazima liwe nene kuliko yote.

Kwa nini kuanzia volti 12

Njia ya zamani ya mafundi redio ilikuwa kununua transfoma ya kushusha volti 230 hadi 12, kuweka dayodi nne, kapasita kubwa na kishusha umeme. Njia hiyo inafanya kazi, lakini ina mambo mawili yasiyofaa nyumbani.

Kwanza, inamlazimu mtengenezaji kufungua na kuunga nyaya za volti 230. Kosa dogo, kama waya uliochubuka ndani ya kopo la bati, linaweza kumuua anayeshika kopo hilo au kuwasha moto usiku watu wakiwa wamelala.

Pili, transfoma isiyo na kidhibiti hufuata mwendo wa umeme wa ukutani. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, adapta ya transfoma iliyokuwa ikitoa volti 9 itatoa takriban 7, na mashine itaanza kusuasua.

Njia salama zaidi ni kununua kikiwa kizima kifaa kinachoshughulikia volti 230, kisha kutengeneza mwenyewe kile kinachofuata baada ya hapo. Kifaa hicho ni adapta ya kisasa ya volti 12, ya aina inayotumika kwa kamera za ulinzi au taa za LED. Upande wa maandishi ya INPUT iandikwe 100 hadi 240, na upande wa OUTPUT iandikwe volti 12 za mkondo mnyoofu. Adapta ya namna hiyo hutoa volti zilezile hata umeme wa ukutani ukiyumba kiasi.

Volti 12 zina faida nyingine inayoeleweka vyema Bangwe. Ndizo volti za betri ya gari, za pikipiki na za mifumo midogo ya sola. Katika uvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, unaotegemea mwanga usiku, taa za LED za betri zimekuwa zikichukua nafasi ya karabai. Sanduku moja linalopokea volti 12 linaweza basi kulishwa na adapta umeme unapokuwapo, na betri unapokatika.

Vifaa vinavyohitajika

Adapta ya volti 12 iwe na ampia 3 kwa anayetaka matawi ya volti 9 na 7.5 kwa zamu. Kwa mwenye PlayStation 2 nyembamba, hesabu hubadilika. Mashine hiyo imeandikiwa volti 8.5 kwa ampia 5.65, sawa na wati 48. Ukijumlisha umeme unaopotea njiani, sanduku litavuta wati 53 hivi. Adapta ya volti 12 na ampia 6, yenye uwezo wa wati 72, ndiyo inayofaa.

Moduli za kushusha umeme ndizo moyo wa kazi yenyewe. Ni vibao vidogo vyenye skrubu ya kurekebisha volti. Zilizoenea zaidi hutumia kijisehemu cha LM2596, chenye uwezo wa hadi ampia 3, ingawa ni busara kukifungia kibati cha kupoozea kikifika ampia 2. Tofauti na 7805, moduli hizi hukata umeme vipande vipande kwa kasi kubwa badala ya kutupa ziada yote kama joto. PlayStation 2 nyembamba inahitaji moduli kubwa zaidi, ya ampia 8 au zaidi.

Vifaa vingine ni fyuzi za gari na vishikio vyake, nyaya za shaba zenye unene wa kutosha, vichwa vya kuchomekea, sanduku la plastiki lenye matundu ya hewa, risasi na chuma cha kulehemu, pamoja na mita ya kupimia volti. Asiye na mita asianze kazi hii. Haiwezekani kujua kwa macho wala kwa ulimi kama waya una volti 9 au 12, au ncha ipi ni chanya.

Hatua za kuunganisha

Umeme wa volti 12 uingie kwenye sanduku kupitia fyuzi kuu. Ampia 5 zinatosha kwa sanduku lisilo na tawi la PlayStation 2, na ampia 10 kwa lenye tawi hilo. Baada ya hapo njia igawanyike, na kila tawi liwe na fyuzi yake kabla ya moduli: ampia 2 kwa tawi la volti 9, ampia 3 kwa volti 7.5, na ampia 7.5 kwa volti 8.5.

Kila moduli irekebishwe kabla ya kuunganishwa na kitu kingine chochote. Iwashwe, mita iwekwe upande wa kutokea, kisha skrubu izungushwe polepole hadi volti zinazotakiwa. Moduli mpya huweza kuja ikiwa imefunguliwa hadi juu, hivyo anayeruka hatua hii huipelekea mashine volti karibu 12. Baada ya kurekebisha, tone la rangi ya kucha juu ya skrubu huizuia isisogee.

Hatua inayofuata ndiyo inayotofautisha sanduku salama na sanduku la hatari. Sanduku lisiwe na kitufe cha kuchagua volti. Badala yake, kila tawi liwe na tundu la umbo tofauti na la mwenzake, kiasi kwamba waya wa tawi moja hauwezi kuingia kwenye tawi jingine hata kwa nguvu. Kila mashine nayo iwe na waya wake, wenye jina lake lililoandikwa karibu na kichwa.

Mpangilio wa ncha humalizwa ndani ya waya huo. Waya wa Famicom na wa Mega Drive ya kwanza uunganishwe hasi katikati. Waya wa Mega Drive ya pili uunganishwe chanya katikati. Waya zote tatu hutoka kwenye tawi lilelile la volti 9. Ikumbukwe kwamba kichwa chenye hasi katikati kina chanya kwenye ganda la nje lililo wazi, hivyo kisiachwe kikining'inia juu ya chuma wakati sanduku limewashwa.

Kwa matawi ya PSone na PlayStation 2, kinga ya ziada inashauriwa. Moduli ya kushusha umeme ikiharibika vibaya huweza kupitisha volti 12 zote. Mashine zenye 7805 huvumilia hali hiyo kwa muda, lakini hizi mbili hazina hakikisho hilo. Dayodi ya zena yenye nguvu, iliyowekwa kwenye matokeo ya moduli na yenye kiwango cha juu kidogo ya volti za tawi, huanza kupitisha umeme pale volti zinapozidi, na kuilazimisha fyuzi ikatike kabla mashine haijaumia.

Jaribio kabla ya mashine

Kitu cha kwanza kuchomekwa kwenye sanduku jipya kisiwe mashine ya gemu. Kiwe taa ya indiketa ya gari, ya volti 12 na wati 21, ambayo hupatikana kwa muuza vipuri yeyote. Kwenye tawi la volti 9 taa hiyo huvuta takriban ampia 1.5, zaidi ya mashine nyingi za kundi hilo.

Taa iachwe ikiwaka kwa nusu saa huku volti zikipimwa kila baada ya dakika chache. Tawi zuri litabaki karibu na volti 9 muda wote. Likishuka hadi 8, kuna waya mwembamba, kiungo kibovu au moduli hafifu. Moduli ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, ipewe kibati cha kupoozea au ibadilishwe. Tawi la PlayStation 2 lipimwe kwa taa tatu za namna hiyo zilizounganishwa sambamba.

Mwisho, mita iguswe kwenye kichwa cha kila waya, ncha nyekundu katikati na nyeusi nje. Waya wenye chanya katikati utaonyesha namba ya kawaida. Wenye hasi katikati utaonyesha namba yenye alama ya kutoa. Matokeo hayo yalinganishwe na alama iliyo nyuma ya mashine. Zikilingana ndipo mashine ichomekwe.

Betri nayo ina masharti

Betri ya volti 12 hudhaniwa kuwa haina hatari kwa kuwa haipigi shoti ya kumtupa mtu. Ukweli ni kwamba ncha zake zikigusana kwa waya, hutoa ampia nyingi kiasi cha kuyeyusha waya na kuwasha kitambaa. Kwa sababu hiyo fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, si ndani ya sanduku pekee.

Volti za betri pia hazibaki 12. Inapochajiwa hufika takriban 14.4, na inapokaribia kwisha hushuka chini ya 12. Moduli za matawi ya chini hazijali mabadiliko hayo. GameCube, inayotaka volti 12 zilizotulia, isiunganishwe moja kwa moja na betri. Itumie adapta, au moduli ya aina inayoweza kupandisha na kushusha.

Paneli ya sola iliyoandikwa volti 12 hutoa zaidi ya 20 kwenye jua kali ikiwa haijabebeshwa mzigo. Isiunganishwe na sanduku bila kidhibiti chaji na betri katikati.

Je, betri hudumu muda gani? Betri ndogo ya asidi ya volti 12 na saa-ampia 7 ina akiba ya saa-wati 84, na ni vyema kutumia nusu yake tu ili isife mapema. Super Famicom, inayofikia wati 10 pamoja na umeme unaopotea, inaweza kuendeshwa kwa takriban saa nne. Ikiongezwa runinga ya volti 12 inayokula wati 25, muda unashuka hadi saa moja na dakika kumi hivi. Mwenye kibanda cha gemu anayetaka kufanya kazi jioni nzima umeme ukikatika atahitaji betri kubwa zaidi, na hesabu yake aifanye akianza na runinga, si mashine.

Mipaka ya kazi hii

Nintendo 64 si mashine ya kuanzia. Inahitaji volti mbili kwa wakati mmoja, na kichwa chake hakipatikani madukani. Anayeanza aiache hadi awe na uzoefu.

Vilevile, sanduku hili haliponyi mashine iliyokwisha kuharibika. Mashine isiyowaka ikiwa imepata volti sahihi, mkondo sahihi na ncha sahihi, ina tatizo ndani yake. Mara nyingi huwa ni fyuzi ndogo, swichi iliyooza kwa unyevu au kapasita zilizokauka. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kulehemu na subira.

Kwa yeyote asiyejiamini, ipo njia ya katikati. Vyuo vya ufundi stadi, kikiwamo cha VETA kilichopo Kigoma, hufundisha umeme, na fundi aliyepata mafunzo hayo anaweza kuunganisha au kukagua sanduku kama hili kwa muda mfupi. Kazi yoyote ya kugusa nyaya za ukutani iachwe kwa mwenye leseni.

Mwenye kibanda aliyewekeza akiba yake katika mashine tatu au nne hawezi kupata nyingine mpya kutoka kiwandani. Kila adapta anayoibahatisha ni kamari anayoicheza kwa mtaji wake mwenyewe. Alama ndogo iliyochorwa nyuma ya mashine, mita ya fundi na fyuzi ya gari havina gharama ya kutisha ukivilinganisha na hasara ya mashine iliyoungua, seuze nyumba.